Mururue Haukuandikiwa Dozi

Hapa Skuta kuna kibanda cha supu ambapo mimi hupita Jumamosi asubuhi, hasa Julai, baridi ikiwa imeshuka kutoka mlimani na kuingia mpaka kwa mifupa. Hakina jina wala bango. Kuna sufuria jeusi, kichwa cha mbuzi, miguu ya ng'ombe, na fungu la mizizi lililofungwa kwa kamba ya mkonge ili lisitawanyike ndani. Supu inakuja kwa kikombe cha bati, chungu kiasi, na inawasha ulimi kama pilipili iliyochelewa. Ukiuliza wameweka nini, jibu ni lile lile kila wiki: "Ni miti tu." Miti gani? "Miti ya dawa, kijana. Kunywa kabla ipoe."

Mwaka jana nilimpelekea cucu supu hiyo kwa thamosi. Cucu ni mama ya baba yangu, na kwa sababu nilipewa jina la guka, yeye huniita mume wake na kunituma kama mume. Alinusa kwanza. Akaonja. Akakaa nayo mdomoni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu aliyemwona matangani.

"Hii ni mukawa," akasema. "Na kuna mururue, lakini wameweka kidogo sana. Siku hizi mururue ni ngumu kupata."

Halafu akavuta leso juu kidogo, akaniambia nishike goti lake. Lilikuwa moto. Si joto la kawaida la mwili, moto kabisa, na limevimba likapoteza umbo.

Niwaeleze kuhusu hilo goti. Kwa miaka mingi cucu alikuwa akinunua tembe za diklofenaki bila karatasi ya daktari. Moja asubuhi, moja jioni, na wiki ya baridi anaongeza. Hakuna aliyemwambia aache kwa sababu hakuna aliyemuuliza, hata mimi, na nilikuwa naishi mwendo wa dakika kumi kutoka kwake. Kisha usiku mmoja akatapika kitu kama unga wa kahawa. Ilikuwa damu. Alilazwa siku 9, na tulipomrudisha nyumbani alikuwa amepungua hadi rinda lake la kanisa likawa ni kama limetundikwa kwa msumari.

Kisayansi, kilichompata si siri. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi: inazuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo husaidia kuleta uvimbe, joto na uchungu mahali palipoumia. Shida ni kwamba jamaa hao hao ndio wanaolinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi yake yenyewe. Diklofenaki inapita njia hiyo hiyo. Unazima moto gotini, unaezua paa tumboni. Vane na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Cucu alipata vidonda.

Alipotoka hospitali akasema tembe hataki tena, anarudi kwa mizizi. Mimi nikaanza kusoma. Sikusoma kwa sababu ya kupenda mila, niseme ukweli. Nilisoma kwa woga.

Mururue pengine umeuona na ukaupita. Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine, una miiba iliyopinda kama kucha za paka, na ukiushika vibaya haukuachilii haraka. Majani yake huja matatu matatu. Ukiyaponda yananukia limau, na kuna sababu: ni wa ukoo mmoja na michungwa na milimau. Matunda yake ni madogo, rangi ya chungwa, na watoto huyala hata kama yanawasha. Ukikwangua mzizi wake unakuta ganda la manjano laini. Kwa Kiswahili cha vitabu unaitwa mdakakomoa, ingawa sijawahi kusikia mtu wa Nyeri akitamka neno hilo. Kwa wanasayansi ni Toddalia asiatica.

Profesa J.O. Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa ameuandika kwenye kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki cha 1976. F.N. Gachathi aliuweka kwenye kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kikuyu, 1989, kitabu ambacho kila mtoto wa Mlima angefaa kukifungua angalau mara moja aone ni maneno mangapi ya nyanya yake hayajui. Lakini wote wawili walikuwa wanakusanya maelfu ya maarifa, na kila mmea ulipata nafasi yake fupi. Jina, sehemu inayotumiwa, ugonjwa. Basi. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: cucu anywe kiasi gani, na aache lini?

Nikaenda kwa maabara, yaani kwa ripoti zao. Mwaka 1995 kundi la watafiti, wa kwanza kwenye orodha akiitwa Gakunju, lilitoa ripoti kwamba limepata kemikali iitwayo nitidini ndani ya mmea huu, na kwamba kwenye vyombo vya kioo iliua vimelea vya malaria, hata vile ambavyo klorokwini ilikuwa imeshindwa navyo. Miaka ile klorokwini ilikuwa inakata tamaa nchi nzima, kwa hivyo hiyo ilikuwa habari kubwa. Mwaka 2000 Oketch-Rabah na wenzake wakatoa kumarini mpya kutoka kwa mizizi hiyo hiyo. Kumarini ni familia ya kemikali ambayo huchangia harufu tamu ya nyasi iliyokatwa. Halafu 2013, Kariuki na wenzake, wengine wao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakafanya jambo lililonihusu moja kwa moja: waliwapa panya weupe dondoo la mizizi ya mururue ili kuona kama linapunguza uchungu na uvimbe.

Jaribio lenyewe ni la kuhuzunisha kidogo. Panya anadungwa karajinani kwenye wayo. Mguu unavimba ndani ya saa chache, na mtafiti anaupima. Karajinani ni utomvu unaotolewa kwenye mwani mwekundu, ukoo mmoja na ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wamekuwa wakilima tangu miaka ya mwisho ya 1980. Inawekwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Ukiila haina neno, ukidungwa unavimba. Mimi huwaza hapo: kinachovimbisha kinatoka baharini kwetu, kinachotuliza kinatoka mlimani kwetu, na panya katikati.

Walipewa miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito, na uvimbe ukapungua. Uchungu pia. Niliposoma hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani. Kisha nikakaa chini, nikachukua kalamu. Cucu ana kilo kama 60. Mara 200, hiyo ni gramu 12 za dondoo. Lakini hesabu hiyo ni ya kijinga na ninajua ni ya kijinga: panya si mtu mdogo, mwili wake unachoma dawa haraka kuliko wetu. Na dondoo si supu. Kupata dondoo, mzizi unakaushwa, unasagwa, unalowekwa kwenye kimiminika kinachovuta kemikali, kisha kimiminika kinakaushwa kibaki kitu kama gundi. Ukitaka kwenda mbele zaidi na kutenga kemikali moja moja, unapitisha hiyo gundi kwenye bomba lililojaa unga wa silika, na kila kemikali inashuka kwa mwendo wake, hii leo mchana, hii kesho. Cucu naye ana sufuria na kuni.

Kuna jambo lingine. Ile nitidini iliyoua malaria huua pia seli za saratani maabarani. Kitu kinachoua seli hakichagui adabu. Kwa hivyo ndani ya mzizi mmoja kuna kinachotuliza goti na kinachoweza kudhuru, na kinachotenganisha hivyo viwili ni kipimo. Na kipimo ndicho hakikuwa kimeandikwa popote.

Nilifikiri ni uvivu wa wasomi wetu. Kumbe ni hadithi ya zamani, na mururue umeshapotezewa kipimo zaidi ya mara moja.

Mwaka 1671 Francesco Redi, daktari wa nyumba ya kifalme ya Medici kule Firenze, aliandika kitabu kuhusu vitu vya ajabu vilivyokuwa vikiletwa Ulaya kutoka nchi za Bahari Hindi. Redi ndiye yule aliyethibitisha kuwa funza hawazaliwi na nyama iliyooza, wanazaliwa na nzi. Hakuwa mtu wa kudanganywa. Kwenye kitabu hicho kuna mzizi uitwao mzizi wa Juan Lopez, kwa sababu mtu wa jina hilo, Juan Lopez Pigneiro, ndiye aliyeufikisha Ulaya. Karne moja baadaye, 1771, profesa Gaubius wa Leiden akausifu kama dawa ya kuhara. Mwaka 1792 ukaingia kwenye orodha rasmi ya dawa ya Edinburgh. Uliuzwa bei ghali, na kwa muda mrefu wauzaji wenyewe hawakujua unatoka kwa mmea gani. Baadaye ukasahaulika. Ni Toddalia ule ule. Mmea wa ua la nyuma la nyumba ya cucu uliwahi kukaa kwenye maduka ya dawa ya Ulaya ukiwa na jina la mtu aliyeubeba. Aliyeuchimba, aliyemwambia Lopez huu ni wa tumbo, chemsha hivi, hayupo.

Lakini kuna mtu mmoja aliyefanya tofauti, na alikuwa mtu wa mwisho ambaye ningemtarajia: gavana wa kikoloni. Hendrik van Rheede, Mholanzi, alitawala Malabar, pwani ya kusini magharibi mwa India, na kati ya 1678 na 1693 kazi yake kuhusu mimea ya huko ilichapishwa Amsterdam kwa mabuku 12. Mururue umo, kwa jina la kaka-toddali, ambalo ni la Kimalayalam. Ndiyo, jina la kisayansi ambalo sisi hulitamka kama la Kilatini ni la mtaani, mtaa wa India. Na kwenye buku la kwanza, van Rheede alichapisha ushahidi wa mganga Itty Achudan, mtu wa tabaka la chini, aliyeeleza kwamba ametoa maarifa yaliyomo kwenye vitabu vya familia yake. Wako pia Ranga Bhat, Vinayaka Pandit na Appu Bhat. Majina kamili, kwenye kitabu cha mkoloni, miaka zaidi ya 300 iliyopita.

Sasa rudi kwa ripoti ya 1995. Inasema mmea hutumiwa na kabila la Wapokot kutibu homa. Hiyo tu. Siwalaumu sana, ndivyo ripoti za sayansi huandikwa, na wale ni watu wetu waliofanya kazi ngumu kwa pesa kidogo. Lakini kabila halichemshi dawa. Kuna Mpokot mmoja, pengine mama, aliyesimama mbele ya mtu mwenye daftari akaonyesha kwa kidole. Angeulizwa swali moja la ziada, kikombe kimoja au viwili, mimi nisingekuwa napiga hesabu ya panya saa sita usiku.

Huku kwetu Nyeri hata wa kuulizwa walipunguzwa. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya uchawi. Kwa karatasi ililenga wachawi. Kwa mazoea, afisa wa wilaya hakuwa na mizani ya kutofautisha mchawi na mundu mugo, na mundu mugo mwenyewe alikuwa mtu wa mambo mengi kwa pamoja: vibuyu vya kubashiri, mbuzi wa tambiko, na mizizi. Misheni nazo zilikuja na hospitali, Tumutumu kwa Waskoti, Mathari kwa Waitaliano, na zilitibu watu kweli, sitaki kudanganya. Lakini muumini mzuri hakuonekana mlangoni pa mundu mugo mchana.

Ikaja Hali ya Hatari, 1952. Misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ikatangazwa marufuku. Kuanzia 1954 watu walitolewa kwenye migongo ya ardhi yao wakasongamanishwa kwenye vijiji vya kuzungukwa na mitaro na miti yenye ncha. Kando ya msitu wakachimbishwa kwa nguvu handaki refu ili chakula kisiwafikie waliokuwa ndani. Handaki lililozuia viazi kuingia lilizuia pia mizizi kutoka. Waliokuwa msituni na Kimathi waliishi kwa miti, maganda na asali, na wengi walikufa na walichokijua. Kina mama vijijini waliachiwa saa chache za kutoka, chini ya bunduki, kutafuta chakula. Nani angeomba ruhusa ya kwenda kuchimba dawa?

Cucu alikuwa na miaka kama kumi. Nilimwuliza hapo ndipo, jioni moja, tukiwa jikoni kwake, moshi ukitutoa machozi.

"Cucu, nani alikuwa anachemsha mururue kwenu?"

"Nyanya yangu. Nilipewa jina lake."

"Alikuwa anatumia kiasi gani?"

Akacheka. "Mume wangu, mimi nilikuwa nabeba maji. Sikuwa nabeba dawa." Akanyamaza, akageuza kuni. "Tulipopelekwa kijijini hakuchemsha tena. Alikuwa na kibuyu cha kuwekea, alikizika kabla tuondoke. Hatukukipata."

"Hukumbuki hata kidogo?"

Alinyoosha kidole chake cha kati, kilichopinda kwa baridi yabisi. "Kipande kama hiki. Si kirefu zaidi. Na ilikuwa ni siku kadhaa, halafu anaacha. Alikuwa anamwita mgonjwa nje, kwa mwangaza, anamwangalia macho. Yakianza manjano, anamwaga yote. Hata kama mtu analia bado anaumwa, anamwaga."

Nilihisi ngozi yangu ikisisimka. Macho ya manjano ni ini. Yule mama hakujua nitidini wala neno lolote la maabara, na alikuwa amewahi kuona, yeye au aliyemfundisha, ni nini hutokea mzizi ukizidi. Alikuwa na kipimo, na alikuwa na breki. Kwenye kibanda cha supu hatuna hata kimoja. Tuna "kunywa kabla ipoe."

Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka wenye maarifa waombwe ruhusa na wagawiwe faida. Ni sheria nzuri. Lakini huwezi kugawia faida kibuyu kilichozikwa 1954.

Wikendi iliyofuata nilikwenda kumtafuta mzee anayekiletea mizizi kile kibanda. Nilimkuta na gunia kwa boda. Guka, nikamwuliza, mururue unautoa wapi? Akaniambia zamani aliuchimba hapa hapa kwenye nyua na kando ya mto, sasa anapanda mpaka karibu na msitu, na huko pia anaukuta ukiwa tayari umechimbuliwa, shimo tu. Mzizi si jani, alisema, ukiuchukua umeua. Nikamwuliza anawaambia watu wa supu waweke kiasi gani. Aliniangalia kama nimemwuliza uzito wa mvua. "Wanaweka wenye wamenunua."

Nilimpeleka cucu kwa daktari, akakubali kwa sharti kwamba nitamwambia daktari kuhusu mizizi mimi mwenyewe, yeye anaona haya. Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Nilitarajia atatukaripia. Alisikiliza, akaandika kipimo cha ini, akatupa dawa ya kupaka gotini badala ya ya kumeza, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Ni mururue gani, ule wa miiba? Nyanyangu pia anatumia." Kipimo cha ini kilirudi sawa.

Kwa hivyo cucu anapaka asubuhi, na siku za baridi kali anakunywa supu yake, ambayo sasa inapikwa nyumbani. Mzizi tuliouchimba wa mwisho ulitoka kwenye ua lake mwenyewe. Tuliacha nusu. Mbegu za matunda tumezipanda kwenye mikebe mitano ya rangi nyuma ya jiko, na mbili zimeota, vijani vitatu vitatu, na miiba tayari.

Nimenunua daftari la kurasa 96, lile la shule. Kwenye jalada nimeandika jina kamili la cucu na chini yake la nyanya yake, ambalo ni hilo hilo. Hapa siwapi. Ukurasa wa kwanza unasema: Jumapili. Kipande cha kidole cha kati, mara moja. Maji vikombe 4, yakabaki 2. Amekunywa nusu kikombe jioni baada ya chakula. Goti: moto, ameamka mara mbili usiku. Macho: meupe.